Jinsi ya kubadilisha rangi ya maandishi ya lebo zote kwenye programu ya Android

Programu nyingi za simu zina kasoro moja inayofanana: maandishi ya kijivu hafifu juu ya usuli mweupe. Kwenye kompyuta ya msanidi, chumbani penye kivuli, yanapendeza. Mpe simu hiyo hiyo mweka hazina wa kikundi cha akiba anayekagua michango saa saba mchana uwanjani, utamwona anaikinga skrini kwa kiganja na bado hasomi kitu. Rangi ya maandishi ndiyo inayoamua kama mtu ataitumia kazi yako au atarudi kwenye daftari la karatasi.

Hapa tunabadilisha rangi ya lebo zote za programu ya Android kwa mkupuo, bila kupita skrini moja moja. Mfano ni programu ya daftari la VICOBA: ina orodha ya wanachama, fomu ya michango na ukurasa wa madeni, imeandikwa kwa Kotlin, na skrini zake zimepangwa kwa faili za XML. Kwa wanaotumia Jetpack Compose, yaani njia ya kuandika skrini kwa Kotlin bila XML, sehemu yao iko karibu na mwisho.

Lebo ninazozungumzia ni zile `TextView`, yaani maandishi ambayo mtumiaji anayasoma tu, hayabonyezi wala hayajazi. Shika tofauti hiyo, kwa sababu ndani ya Android `Button`, `EditText` na `CheckBox` zote zimerithi kutoka kwa `TextView`, na mtu akikosa uangalifu hupaka rangi vitu ambavyo hakuvikusudia.

Njia ya kuepuka

Wengi huanza kwa kuandika kitanzi kinachotembea kwenye skrini nzima, kikikuta `TextView` kinaipaka rangi. Usifanye hivyo. Kwanza, kitanzi hicho kitavipaka na vitufe na visanduku vya kujazia, maana kwa Kotlin swali la `is TextView` hujibiwa ndiyo kwa vyote hivyo. Pili, mistari ya `RecyclerView` (kipande kinachochora orodha ndefu) ambayo bado haijatengenezwa wakati kitanzi kinapita itabaki na rangi ya zamani, kwa hiyo orodha ya wanachama itakuwa na rangi moja juu na nyingine ukishusha chini. Tatu, msanidi atakayekuja baada yako hatajua rangi inatoka wapi.

Mahali pa kazi hii ni kwenye mandhari ya programu, yaani mkusanyiko wa mitindo unaoamua mwonekano wa skrini zote.

Hatua ya 1: Weka akiba ya kurudi

Fungua tawi jipya la Git. Kisha piga picha za skrini kuu zote, mara moja kwa mandhari meupe na mara moja kwa meusi. Picha hizo utazilinganisha na za mwisho. Macho husahau haraka rangi ilivyokuwa.

Hatua ya 2: Chagua rangi kwa hesabu

Usiichague kwa kuipenda tu. Mwongozo wa WCAG wa shirika la W3C, unaohusu kurasa kusomeka na watu wote, unataka utofautishaji (contrast) wa angalau 4.5:1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake, na 3:1 kwa maandishi makubwa. Zipo tovuti nyingi za kupima: unaweka rangi mbili, unapewa uwiano.

Kijivu `#999999` juu ya nyeupe kina uwiano wa 2.85:1, kwa hiyo hakifai hata kwa kichwa cha habari. `#777777` kinafika 4.48:1 na kuanguka kwa nywele. `#767676` kinavuka, kwa 4.54:1. Hapo ndipo mpaka wa kijivu juu ya nyeupe ulipo, na kwa simu itakayotumika juani mimi nisingekaa mpakani. Ningekwenda 7:1 au zaidi.

Kwa daftari letu tuchukue kijani kilichoiva, `#1B5E20`. Juu ya nyeupe kinatoa takriban 7.9:1. Lakini kipime pia juu ya `#121212`, ule weusi unaotumika sana kwenye mandhari meusi: kinashuka hadi takriban 2.4:1. Kijani kile kile kilichosomeka vizuri mchana kinazama usiku. Ndiyo maana lazima uwe na rangi mbili zenye jina moja, na kwa usiku tutatumia `#A5D6A7`, ambayo juu ya `#121212` inazidi 11:1.

Hatua ya 3: Ipe rangi jina la kazi yake

Fungua `res/values/colors.xml`, ongeza mstari huu:

```xml
<color name="maandishi_lebo">#1B5E20</color>
```

Kisha tengeneza folda ya `res/values-night`, weka humo faili lake la `colors.xml`, na jina lile lile:

```xml
<color name="maandishi_lebo">#A5D6A7</color>
```

Simu ikiwa kwenye mandhari meusi, Android huchukua rangi ya folda ya usiku yenyewe; mandhari ya programu yako yawe ya aina ya DayNight, ili usuli nao ugeuke. Usiite rangi hii `kijani`. Mwakani kikundi kikitaka bluu, utabaki na rangi inayoitwa kijani ambayo ni bluu, na kila atakayesoma msimbo atapotea.

Hatua ya 4: Iunganishe na mandhari

Sasa kiini cha kazi chenyewe. Kwenye `res/values/themes.xml`:

```xml
<style name="Theme.Daftari" parent="Theme.Material3.DayNight.NoActionBar">
    <item name="android:textViewStyle">@style/LeboZaDaftari</item>
</style>

<style name="LeboZaDaftari" parent="@android:style/Widget.TextView">
    <item name="android:textColor">@color/maandishi_lebo</item>
</style>
```

Kama una `values-night/themes.xml`, ongeza mstari wa `textViewStyle` humo pia, la sivyo lebo za usiku zitabaki kama zamani. Halafu hakikisha `AndroidManifest.xml` inataja `android:theme="@style/Theme.Daftari"`, na kwamba hakuna skrini yenye mandhari yake ya pembeni.

`textViewStyle` ni mtindo ambao kila `TextView` huuchukua kabla hujaipa chochote. Vitufe vina wa kwao, `buttonStyle`, na visanduku vya kujazia vina `editTextStyle`, kwa hiyo havitaguswa. Ndivyo tunavyotaka.

Utakutana na ushauri wa kuweka `android:textColor` moja kwa moja ndani ya mandhari. Inafanya kazi, lakini inamwagika: maandishi ya menyu, na ya kitu kingine chochote kinachopata rangi yake kupitia `textAppearance` (sifa inayobeba mwonekano wa herufi), nayo yatabadilika. Wengine hubadilisha `android:textColorPrimary`, kisha wanashangaa lebo zao nyingi zimebaki kijivu. Sababu ni kwamba lebo isiyopewa mtindo mara nyingi huchukua rangi ya daraja la chini zaidi ya hiyo. `textColorPrimary` ina nafasi yake unapounda programu upya kabisa, ila kwa lebo peke yake `textViewStyle` ni safi zaidi.

Hatua ya 5: Elewa nani anamshinda nani

Endesha programu. Lebo nyingi zitakuwa za kijani, ila chache zitagoma. Kabla ya kuzikimbilia, jua mpangilio wa nguvu, maana Android ina sheria thabiti ya nani anasikilizwa. Kutoka mwenye nguvu zaidi hadi mnyonge:

1. rangi iliyowekwa ndani ya maandishi yenyewe, kama `ForegroundColorSpan`
2. rangi iliyowekwa kwa msimbo, `setTextColor`
3. `android:textColor` iliyoandikwa kwenye lebo ndani ya XML
4. mtindo uliotajwa na lebo, `style="@style/..."`
5. mtindo wa msingi, yaani `textViewStyle` yetu
6. thamani zilizo moja kwa moja kwenye mandhari
7. `textAppearance`

Tazama namba 7. `textAppearance` iko chini kabisa, chini hata ya mandhari, na hapo ndipo watu wengi wanapoteza muda. Tuseme ukurasa wa madeni una lebo ya deni lililopitiliza, na wekundu wake uliandikwa hivi:

```xml
<TextView
    android:textAppearance="@style/DeniLililopitiliza" />
```

Jana ilikuwa nyekundu. Leo, baada ya hatua ya 4, ni ya kijani kama wenzake, kwa sababu `textViewStyle` sasa ina rangi na inaishinda `textAppearance`. Hakuna kosa litakaloonyeshwa popote. Onyo la deni limenyamazishwa tu, na kwenye programu ya fedha za watu hilo ni jambo zito. Dawa ni kupandisha wekundu ngazi (`maandishi_hatari` ni rangi nyekundu utakayoiongeza kwenye `colors.xml` zote mbili, kama hatua ya 3):

```xml
<style name="LeboYaDeni" parent="LeboZaDaftari">
    <item name="android:textColor">@color/maandishi_hatari</item>
</style>
```

```xml
<TextView
    style="@style/LeboYaDeni"
    android:text="@string/deni_limepitiliza" />
```

Kanuni ninayoifuata: `textAppearance` ibebe ukubwa na aina ya herufi, rangi ikae kwenye mtindo. Kwa hiyo kabla hujaendelea, tafuta kila `textAppearance` yenye rangi ndani yake, uamue moja moja: hii ifuate rangi mpya, au ina maana yake ya pekee?

Hatua ya 6: Wasake wakaidi

Kwenye Android Studio bonyeza Ctrl+Shift+F, au Cmd+Shift+F kwa Mac, utafute neno `android:textColor` ndani ya folda ya `res`. Yatakayojitokeza yagawe mafungu mawili; la tatu utalitafuta kivyake.

Fungu la kwanza ni rangi zilizoandikwa kwa namba, mfano `android:textColor="#888888"`. Nyingi hazina sababu. Mtu alinakili skrini kutoka skrini nyingine. Futa mstari wote. Usiubadilishe kuwa `@color/maandishi_lebo`, kwa sababu utakuwa umerudia jambo ambalo mandhari yanalifanya tayari, na kila mstari wa ziada ni mahali pa kusahau siku ya mabadiliko yajayo.

Fungu la pili ni rangi zenye maana: wekundu wa deni, weupe wa maandishi yaliyokaa juu ya bango la kijani. Hizi ziache, ila zipe mitindo yenye majina. Weupe juu ya bango ndio unaosahaulika zaidi. Ukiufuta kwa bahati mbaya, lebo itakuwa kijani juu ya kijani na itatoweka mbele ya macho yako.

Fungu la tatu ni rangi zilizofichwa kwenye `strings.xml`, pale mtu alipoandika `<font color="...">` katikati ya sentensi. Utafutaji wa `textColor` hauzioni. Tafuta `font color` peke yake.

Lebo ikigoma na huelewi kwa nini, fungua Layout Inspector, chombo kilichomo ndani ya Android Studio, wakati programu inaendeshwa, bonyeza lebo hiyo, utazame sifa zake. Itakuonyesha rangi inayotumika sasa, na mara nyingi na faili inakotoka.

Hatua ya 7: Pitia msimbo wa Kotlin

Tafuta `setTextColor`. Kuna mtego mmoja hapa ninaoutaja kila ninapopata nafasi:

```kotlin
lebo.setTextColor(R.color.maandishi_lebo)
```

Huu unakubalika na kompaila, kwa sababu `R.color.maandishi_lebo` ni namba na `setTextColor` inapokea namba. Ila namba yenyewe ni kitambulisho cha rasilimali, wala si rangi. Vitambulisho vya programu huanza na `0x7f`, na Android ikiisoma namba hiyo kama rangi, tarakimu hizo mbili za mwanzo huwa ndizo kiwango cha uangavu: 127 kati ya 255. Matokeo yake ni maandishi ya rangi usiyoijua, yaliyofifia nusu, kama wino uliolowa maji. Ukiona lebo ya namna hiyo, usihangaike na XML. Kosa liko hapa. Iandike hivi:

```kotlin
lebo.setTextColor(ContextCompat.getColor(this, R.color.maandishi_lebo))
```

Na kama rangi hiyo ni ile ile ya kawaida, futa mstari kabisa. Acha `setTextColor` kwa mambo yanayobadilika programu ikiendelea, mfano salio linapogeuka hasi.

Angalia pia kama kuna mahali lebo zinatengenezwa kwa `applicationContext`. Lebo hizo hazipati mandhari ya skrini yako, kwa hiyo zitatoka na rangi ya mfumo. Zipe `Activity` (skrini) yenyewe, au `parent.context` ukiwa ndani ya `RecyclerView`.

Hatua ya 8: Lebo zilizozimwa

Rangi moja kavu ina upungufu: lebo iliyozimwa kwa `isEnabled = false` haitafifia. Kama fomu yako huzima sehemu fulani, tengeneza `res/color/lebo_hali.xml`:

```xml
<selector xmlns:android="http://schemas.android.com/apk/res/android">
    <item android:state_enabled="false"
          android:alpha="0.38"
          android:color="@color/maandishi_lebo" />
    <item android:color="@color/maandishi_lebo" />
</selector>
```

Halafu kwenye `LeboZaDaftari` weka `@color/lebo_hali`. Mpangilio wa mistari ni muhimu: Android husoma kutoka juu na kuchukua wa kwanza unaofaa, hivyo ule usio na sharti ukae chini.

Kama unataka mtumiaji achague rangi mwenyewe

Tangaza sifa yako kwenye `res/values/attrs.xml`:

```xml
<attr name="rangiYaLebo" format="color|reference" />
```

Kwenye `LeboZaDaftari` rangi iwe `?attr/rangiYaLebo`, na kwenye `Theme.Daftari` uipe thamani ya kawaida. Kisha kwa kila chaguo andika mtindo mdogo wenye sifa hiyo peke yake, uuvalishe kabla skrini haijachorwa:

```kotlin
override fun onCreate(hali: Bundle?) {
    if (amechaguaBluu) theme.applyStyle(R.style.RangiBluu, true)
    super.onCreate(hali)
    setContentView(R.layout.skrini_kuu)
}
```

Akibadilisha chaguo, hifadhi jibu lake kisha ita `recreate()`. Kila rangi unayompa iwe na mwenzake wa usiku, na zote zipimwe kama tulivyopima kijani. Mpe chaguo nne zilizopimwa badala ya gurudumu la rangi zote. Kwenye gurudumu atachagua njano juu ya nyeupe, na lawama zitakurudia wewe.

Kwa wanaotumia Jetpack Compose

Huko hakuna `textViewStyle`. `Text` isiyopewa rangi huitafuta kwenye mtindo wake, ikikosa huchukua `LocalContentColor`, ambayo hupangwa na `Surface` au `Scaffold` iliyoizunguka. Kwa hiyo badilisha `onSurface` na `onBackground` kwenye `lightColorScheme` na `darkColorScheme`, na uhakikishe kila skrini imo ndani ya `Surface` au `Scaffold`. Isipokuwemo, maandishi yatakuwa meusi hata usiku. Tofauti na `textViewStyle`, `onSurface` inatumiwa na vipande vingine pia, kwa hiyo kagua aikoni na visanduku vya kujazia.

Jambo la pili: mradi mpya wa Compose kutoka Android Studio huja na `dynamicColor` ikiwa imewashwa. Kwenye Android 12 na kuendelea, rangi za programu huchukuliwa kutoka picha ya ukutani ya mwenye simu, na zako zinawekwa kando. Ndiyo sababu rangi huonekana kwenye simu ya zamani ya kujaribia na kukataa kwenye mpya. Kama rangi ni sehemu ya utambulisho wa programu yako, iweke `false`.

Kujaribu

Geuza mandhari bila kuingia kwenye mipangilio kila mara, kwa amri hizi za `adb` kutoka kwenye kompyuta iliyounganishwa na simu ya Android 10 na kuendelea:

```
adb shell "cmd uimode night yes"
adb shell "cmd uimode night no"
```

Pitia skrini zote ukilinganisha na picha za hatua ya 1. Fungua na vile visivyoonekana kwa kawaida: ujumbe wa kuthibitisha kufuta, taarifa inayochomoza chini ya skrini, orodha ikiwa tupu, skrini ya kukosa intaneti. Arifa na wijeti za skrini ya mwanzo huchorwa nje ya programu yako, na kurasa za `WebView` hufuata CSS zake, kwa hiyo usitarajie zibadilike.

Sakinisha Accessibility Scanner ya Google kutoka Play Store. Huipitia skrini iliyo mbele yako na kuzungushia mstari kila lebo yenye utofautishaji hafifu. Kisha toka nje mchana, punguza mwanga wa skrini hadi nusu kama afanyavyo mtu anayelinda betri, na umpe simu mtu mwenye umri wa mzazi wako akusomee salio. Chombo hakiwezi kukupa jibu hilo.

Funga mlango

Rangi za namba zitarudi siku mwenzako atakaponakili skrini kutoka mradi mwingine. Weka ukaguzi huu miongoni mwa majaribio yanayoendeshwa kabla ya kuunganisha matawi:

```
grep -rnE 'android:textColor="#' app/src/main/res/layout*
```

Ukirudisha mstari wowote, kazi hiyo isiunganishwe mpaka rangi ipewe jina kwenye `colors.xml`, pamoja na mwenzake wa `values-night`.